Mzee Kizima Anunua Gari Lisilo na Moshi

Ukitaka kumwudhi jirani yangu, fundi wa redio, mwambie kitu fulani kimekufa. Pasi, feni, saa ya ukutani, mwavuli, chochote kile. Atakutazama kama umemtukana, atakichukua hicho kitu, atakigeuza, atakitikisa karibu na sikio, halafu atasema, "Kizima hiki." Amesema hivyo miaka mingi mpaka jina alilopewa na wazazi wake limesahaulika. Hata msoma mita wa maji akija mtaani huuliza kwa Mzee Kizima ni wapi.

Karakana yake ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Mlango wake ulitoka kwenye zahanati iliyobomolewa, na mpaka leo una maandishi meupe: SUBIRI UITWE. Wateja wageni husubiri kweli. Siku moja mama mmoja alikaa nje karibu saa nzima, pasi iko mapajani, na Mzee Kizima yuko ndani anajiuliza kwa nini biashara imelala. Benchi tunalokalia sisi wapiga soga lilikuwa la ofisi iliyofungwa. Kiti chake kina miguu mitatu ya kuzaliwa nayo na mmoja wa kuazima. Rafu zimejaa redio zilizopasuliwa matumbo, na harufu ya risasi ya kuchomelea haitoki humo hata ukitaka kufungua dirisha, maana dirisha lenyewe halifunguki. Nalo lilitoka nyumba nyingine.

Kitu kipya hajawahi kununua. Viatu vyake vilishakuwa vya watu wawili kabla yake. Miwani ni ya shangazi yake marehemu, na akiivaa unamwona shangazi.

"Kitu kipya hukijui tabia," huwa anasema. "Kilichotumika kimeshaonyesha makucha yake yote. Kama kilikuwa cha kufa, kingemfia mwenyewe."

Mkewe akisikia hivyo hucheka mpaka kifua kinambana. "Hata mimi, shemeji," huniambia mbele yake. "Alinikuta mjane, nina mtoto wa miaka sita na masanduku mawili. Akanizungushia macho, akasema kizima hiki. Bado kidogo tu anitikise."

"Sikusema hivyo," mzee hujibu, macho kwenye redio.

"Ulisema kimoyomoyo."

Yule mtoto wa miaka sita alikulia kwenye lile benchi, akimshikia baba yake bisibisi, na sasa ni fundi umeme wa majengo, mwanamke wa ngazi ndefu na buti nzito. Anamwita baba, naye anamwita mwanangu, na neno kambo sijawahi kulisikia katika nyumba ile. Hilo nalisema mapema kwa sababu mbele huko nitawacheka kidogo, na sitaki mtu adhani nawacheka kwa ubaya.

Sasa nije kwenye gari. Lile la zamani lilikuwa la petroli, ingawa nadhani lilipenda zaidi oili. Moshi wake ulikuwa unaingia ndani kwanza, unawasalimu abiria, ndipo unatoka nje. Sakafuni kulikuwa na tundu; ukiinamisha kichwa unaiona barabara inavyokimbia. Mtaani tukiona wingu jeusi kule kwenye kona tunajua Mzee Kizima anarudi, tunabandika maji ya chai, na chai inaiva kabla hajafika.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule. Miaka ishirini na ushee alikoroga masufuria makubwa katika moshi wa kuni, na moshi huo ulimlipa kwa kumpa ugonjwa wa kifua. Daktari alimpiga marufuku kila kinachofuka. Basi lile gari akawa haliwezi tena. Mabasi nayo alijaribu mara moja, wakamshusha njiani anahema kama ametoka mbioni.

Hilo lisingekuwa jambo kubwa kama si dada yake. Dada huyu amemzidi miaka kumi na minne, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na anaishi kilomita themanini kutoka hapa, ng'ambo ya vilima. Miguu haimbebi tena hata kufika dukani. Ana paka tisa. Paka hao ndio sababu mdogo wake hawezi kulala kule: kukaa barazani mchana sawa, lakini akilala ndani na yale manyoya, asubuhi mtamkuta hana pumzi. Kwa hiyo ni kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, hakuna njia nyingine.

Na hata siku zile alipokuwa mzima, kwenda kwenyewe kulikuwa mzaha. Mzee Kizima akifika kwa shemeji yake hukaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kuitwa mahakamani. Chai haijapoa, ufunguo wa gari umeshaanza kugonga meza. Ta, ta, ta. "Mke wangu, ile njia si nzuri." Ta, ta. "Mke wangu, nimeacha redio ya mtu iko wazi." Dakika arobaini na tano zikipita wameshaagana. Ndugu wawili hawajamaliza hata kuulizana hali, kilomita themanini zinawangoja za kurudi.

Miaka miwili wakawa wanaongea kwa simu tu. Dada mtu anaamini simu ni kitu cha mbali, kwa hiyo anapiga kelele, na mtaa mzima tunajua paka gani amezaa. Lakini siku moja alisema kwa sauti ndogo. Tulikuwa karakana, simu iko mezani, sote tukasikia.

"Mdogo wangu, macho yanafunga duka. Sauti yako ninayo, ila sura imeanza kuniponyoka. Juzi nimekaa naitafuta, nikapata pua tu. Njoo nikuangalie vizuri, nina maneno mengi. Usije kwa yale ya kuja na kuondoka."

Mkewe Mzee Kizima aliizima simu, akakaa. Kisha akasema, "Mzee wangu, nataka gari lisilo na moshi."

Pesa ilikuwepo. Walikuwa wameuza kiwanja walichokitunza kwa ajili ya uzee, na uzee ulikuwa umeshafika bila hata kubisha hodi. Ilitosha gari jipya la umeme, dogo, au lililotumika ambalo ni kubwa zaidi, na kitu kikabaki. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

"Lililotumika," akasema Mzee Kizima, na mtu gani alitegemea jibu jingine?

"Jipya," akasema mkewe.

"Jipya, baba," akaunga mkono binti yao, aliyekuwa anavua buti mlangoni. "Gari la umeme si kama redio. Betri ndiyo gari lenyewe. Betri ikichoka, umenunua viti."

"Betri ikichoka unaianika juani."

"Baba!"

"Baba nini? Tumefufua betri ngapi za redio kwa jua la pale juu ya bati? Na wewe ndiye uliyekuwa unazigeuza."

"Hii ina kilo mia tatu, na iko chini ya sakafu. Utaianikaje?"

Mzee akafikiri. "Tutalianika gari."

Walianza na duka la magari mapya, na mimi nikabebwa kama shahidi. Sakafu ilikuwa inang'aa hivi kwamba Mzee Kizima alijifuta viatu kabla ya kuingia, na akajifuta tena alipofika katikati. Muuzaji, dada mmoja mwenye adabu na suti ya kijivu, akatuonyesha gari jeupe, dogo, safi kama yai.

"Hili lilikuwa la nani?" akauliza mzee.

"Si la mtu, mzee wangu. Ni jipya."

"Sasa tabia yake nikamwulize nani?"

Dada akatabasamu. Mzee akagonga mlango kwa kiungo cha kidole, akanusa kiti, hakupata harufu ya binadamu yeyote, akakunja uso. "Hebu liwashe tusikie."

"Limewaka, mzee."

Akaweka sikio juu ya boneti. "Halisemi kitu."

"Ndivyo yalivyo haya."

"Hata kukohoa kidogo?"

"Wa kukohoa nipo mimi," akasema mkewe. "Tukiwa wawili nyumba haitalala."

Muuzaji akawauliza safari zao ni za wapi. Mkewe akamwelezea habari za dada na vilima. Muuzaji akafurahi, akasema, "Basi hili ndilo lenu, mama. Mnakwenda na kurudi bila kuchomeka popote, na chaji inabaki. Mkiondoka saa mbili asubuhi, saa saba mchana mko nyumbani."

Nilikuwa namtazama Mzee Kizima wakati huo, na niliona uso wake unafunguka kama dirisha, si lile lake, dirisha zima. "Saa saba?"

"Hata mapema, kama hamkukaa sana."

"Hatukai sana," akasema mzee haraka. "Sisi si watu wa kukaa."

Mkewe alikuwa ameshika mlango wa gari, anataka kuingia ajaribu kiti. Akauachia. Akautazama mkono wa mumewe, ambao ulikuwa mfukoni, na mfukoni humo ufunguo wa lile gari la zamani ulikuwa umeanza: ta, ta, ta.

Tulirudi nyumbani na muujiza ndani ya gari. Mzee Kizima alikuwa anasifu kitu kipya. "Na vyenyewe vina uzuri wake," anasema. "Unakwenda, unasalimu, unageuza. Saa nane nimefungua karakana. Na ile rangi nyeupe haichukizi." Binti yake alimgusa paji la uso kuona kama ana homa. Mkewe, aliyetufuata kwa mbali kwa pikipiki ya jirani kukwepa moshi, alifika sifa hizo zikiendelea. Alikunywa maji, akakaa, akasema, "Kesho twende tukaangalie yaliyotumika."

"Ya nini tena? Si ulisema jipya?"

"Wewe si ulisema tabia? Nataka tabia."

Yadi ya magari yaliyotumika ina dalali mmoja mwenye miwani myeusi na maneno mengi. Alituonyesha gari la buluu, refu kuliko lile jipya, kiti cha nyuma kina alama ya pasi. Nani alipiga pasi ndani ya gari sijui mpaka leo. "Hili lilikuwa la mama mmoja wa ofisini," akasema dalali. "Kazini na nyumbani, kazini na nyumbani, basi." Nikamwuliza lile jekundu pembeni je. Nalo lilikuwa la mama mmoja wa ofisini. Na la kijani. Nikamwonea huruma huyo mama, alivyokuwa na kazi nyingi.

Mzee Kizima alilizunguka lile la buluu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anatafuta kasoro. "Mlango huu unalegea," akasema. Mtu ambaye mlango wake mwenyewe unafungwa kwa kamba!

Binti akaingia chini ya usukani, akachomeka kidude chake cha kupimia betri, akasoma kwenye simu. "Betri imebaki asilimia sitini na nne."

"Kidude hicho kinaonea," akasema dalali.

"Sitini na nne, kaka."

"Dada yangu, mimi mwenyewe asubuhi hii sijafika sitini na nne."

Binti akamgeukia mama yake. "Mama, sikiliza. Likijaa litakwenda kilomita mia na arobaini. Vilima vitakula sehemu yake. Kwa mama mkubwa utafika, ila hutarudi mpaka ulichomeke pale kwake. Na kwa soketi ya kawaida ya ukutani, ni masaa matano au sita ndipo lipate nguvu ya kukurudisha."

"Mmesikia?" Mzee Kizima akapiga makofi mara moja. "Masaa sita! Twendeni kwa yule dada wa suti."

"Masaa sita," akasema mkewe polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Kila safari?"

"Kila safari. Na miaka ikienda yatakuwa saba."

"Na hakuna namna ya kuyapunguza?"

"Ipo, naweza kufunga mashine kule kwa mama mkubwa ambayo..."

Hapo niliona kiatu cha mama kikitua juu ya buti la binti. Kilitua taratibu, lakini kilitua. Binti akamtazama mama yake, akautazama mkono wa baba yake uliokuwa mfukoni, na kitu fulani kikapita usoni mwake.

"Hakuna," akasema. "Hakuna namna kabisa. Ni soketi ya kawaida tu."

"Tunalichukua hili," akasema mama.

"Mke wangu!" Mzee Kizima alilishika lile gari kwa mikono miwili kama anayetaka kulirudisha nyuma. "Mke wangu, lakini hili... hili..."

Neno lilikuwa limefika kooni, nililiona. Miaka yote hajawahi kukiita kitu kibovu, hata ile redio iliyoangukia kisimani. Mimi nasubiri, binti anasubiri, dalali amevua miwani anasubiri.

"Hili nini, mzee wangu?" mkewe akamwuliza kwa upole. "Si zima?"

Akalitazama gari, akanitazama mimi, nami nikaangalia juu, nikakuta ndege.

"Zima," akasema, shingo upande.

Pesa iliyobaki waliiweka. Na ukifikiri mzee alikubali zile sitini na nne, humjui. Kesho yake tu alilitoa gari katikati ya uwanja, akafungua boneti na milango yote minne, likakaa juani kutwa nzima limetanua mabawa kama bata anayejikausha. Kila baada ya muda anakwenda anageuza: asubuhi pua iko huku, mchana pua iko kule. Jirani mmoja akadhani ni kamba mpya ya nguo, akaanika shuka mlangoni. Binti aliporudi kazini jioni alipiga ukelele.

"Baba, joto ndilo linaloziua hizi!"

"Za redio..."

"Hizi si za redio! Unaipika!"

Maskini, alishtuka. Kesho yake gari likahamia kivulini, limefunikwa shuka mbili, moja ya yule jirani, na juu yake mwavuli, na mzee anapita kila saa kulipapasa boneti kama mtoto mgonjwa. Mkewe alipotafuta shuka yake nzuri ya wageni aliikuta imelala juu ya usukani. Hakusema kitu. Naona alikuwa anaweka akiba ya maneno kwa ajili ya dada yake.

Jumamosi tukaondoka saa mbili asubuhi. Mzee kwenye usukani, mkewe pembeni, binti nyuma na sanduku lake la vifaa kwa sababu alikuwa anakwenda kufunga soketi barazani, na mimi nikiwa na redio ya mama mkubwa mapajani, iliyokuwa imetengenezwa tangu mwaka juzi ikisubiri usafiri. Gari lilikwenda kimya mpaka tukaanza kusikia vitu ambavyo hatukuwahi kuvisikia: goti la mzee likilia kwenye breki, tumbo langu likidai mkate. Mkewe alifungua kioo, akatoa pua nje, akavuta pumzi ndefu, akairudisha. Akavuta nyingine. Hakukohoa. Nilimwona binti anahesabu zile pumzi kwa midomo, kimyakimya.

Kwenye vilima ile namba ya kilomita zilizobaki kwenye dashibodi ikaanza kushuka: mia na kumi, tisini na nane, themanini na mbili. Mzee Kizima alishika usukani akabana pumzi, kama vile tumbo lake likiingia ndani gari litakuwa jepesi.

"Jirani," akaniambia bila kugeuka, "huwezi kukaa kwa wepesi kidogo?"

"Nimekaa upande mmoja tu," nikamjibu.

Tulifika na arobaini na tatu. Dada mtu alikuwa barazani, paka wamemzunguka kama watu wa ulinzi. Mdogo wake akapanda ngazi, akapiga magoti mbele ya kiti. Dada yake akamshika uso kwa viganja viwili, akausogeza karibu kabisa na macho yake, akaugeuza kwenye mwanga, upande huu, upande ule, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Alisoma muda mrefu. Sote tulijifanya tunaangalia paka.

"Umezeeka," akasema mwishoni.

"Na wewe, dada."

"Mimi sijioni, kwa hiyo nina nafuu."

Binti akafunga soketi yake, gari likachomekwa, chai ikaja. Na haikupita dakika ishirini: ta, ta, ta.

"Mzee wangu," akasema mkewe bila kugeuza kichwa, "kaangalie gari limefika ngapi."

Akaenda, akarudi. "Arobaini na saba."

"Basi kaa, unywe chai."

Ta, ta. Akaenda tena. Hamsini na moja. Mara ya tatu alirudi na bisibisi mkononi, akafungua bawaba ya mlango wa jikoni uliokuwa unalia. Kisha akaona taa ya barazani inapepesa. Kisha akaitega ile redio vizuri ipate stesheni. Kufikia saa nane mchana alikuwa ametengeneza kila kilichoweza kutengenezwa katika nyumba ile, hata kisichokuwa na kosa, na ikabidi akae. Alikaa kwanza ukingoni. Lakini kiti kile kilikuwa kirefu, na mgongo una madai yake.

Ndipo akaanza kuwasikia. Ndugu wawili walikuwa wameshamaliza wagonjwa na waliofariki, wamefika utotoni. Dada mtu alikuwa anasimulia jinsi mdogo wake alivyojificha ndani ya gunia tupu asioshe vyombo, na jinsi mchukuzi alivyokuja kukusanya magunia.

"Mchukuzi akamtupa mabegani naye kanyamaza!" akasema dada.

"Nilikuwa nimelala," akajitetea mdogo mtu.

"Umelala! Ulikuwa unacheka humo ndani, gunia linatikisika, yule bwana anadhani amebeba kuku!"

Mzee Kizima alicheka mpaka akaivua miwani ya shangazi. "Miaka ishirini na saba niko naye," akaniambia, "hili la gunia sikulijua." Na kila dada alipotaka kuendelea, paka mmoja alipindua kikombe, au binti aliuliza swali, wakachepuka kwenye habari nyingine, na mzee akawa anasogeza kiti mbele, taratibu.

Saa kumi ilipofika, jua likawa limepungua makali barazani. Dada mtu aliacha kuongea. Nilimwona ameshika ncha ya gauni la mdogo wake kwa vidole viwili, kama watoto wanavyoshika.

"Nadhani gari lenu limeshajaa," akasema.

Mkewe Mzee Kizima akaanza kuutafuta mkoba wake chini ya kiti, akiutafuta mahali ambapo haukuwepo.

Mzee akainuka. Nami nikainuka, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Tukaenda pamoja mpaka kwenye gari, akafungua mlango, akaangalia dashibodi, na mimi nikachungulia juu ya bega lake. Binti alikuwa ametuambia mia na kumi inatosha kuturudisha. Pale paliandikwa mia na kumi na nne.

Aliitazama ile namba. Akageuka akalitazama baraza, wale wanawake wawili, na zile ncha za vidole. Mkono ulikuwa mfukoni, na nikasubiri ufunguo useme. Haukusema. Akafunga mlango wa gari polepole, waya akauacha pale pale, akarudi barazani.

"Vipi?" mkewe akamwuliza. "Tayari?"

Mzee Kizima akakohoa, yeye ambaye kifua chake hakina neno. Akaangalia sakafu.

"Hili gari," akasema, "bovu."

Bisibisi ilimponyoka binti, ikabingirika mpaka kwa paka.

"Bovu?" mkewe akarudia.

"Bovu kabisa, mke wangu. Betri gani hii? Masaa yote haya, halijafika popote. Tulipatie saa moja nyingine."

Mkewe alimtazama. Kisha akaacha kuutafuta mkoba.

"Ndiyo maana mimi sipendi vitu vilivyotumika, shemeji," akasema dada mtu, akijiweka sawa kitini. "Haya, basi kaeni. Nilikuwa nimefika wapi?"

"Kwenye gunia," akajibu Mzee Kizima, akakaa mpaka mgongo ukagusa kiti.